Saa ya kompyuta: ulipie nini, uache nini

Kompyuta ya kawaida ya mezani haina saa moja. Ina nne au tano, na hakuna hata moja inayotajwa kwenye karatasi ya bei. Ipo inayokesha kwa betri ndogo hata mashine ikizimwa. Vipo vihesabio vya madabodi, vingine vya asili ya miaka ya 1980. Kipo kihesabio ndani ya prosesa yenyewe. Na zipo saa za mbali, za kwenye intaneti na za kwenye satelaiti, ambazo mashine huweza kuziuliza ikipata njia. Ila ile saa unayoiona kwenye pembe ya skrini si yoyote kati ya hizo. Ni hesabu inayopigwa na mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au macOS, tangu mara ya mwisho mfumo huo uliposoma saa ya kweli hadi sasa hivi unapoitazama.

Hapo katikati, baada ya kusoma mara moja na kabla ya kusoma tena, ndipo saa hupoteza majira, na ndipo fedha ya mnunuzi huokolewa au hutupwa. Wapo wanaonunua saa bora ilhali walichohitaji ni kuisahihisha mara kwa mara ile waliyonayo. Wapo pia wanaotegemea intaneti peke yake kwa mashine inayokaa mahali isikofika. Makala hii inalinganisha njia zilizopo kwa fedha, na pia kwa gharama zisizoandikwa kwenye risiti: muda wa prosesa, umeme wa betri, na sekunde zinazopotea.

Hesabu yenyewe inavyopigwa

Saa inayokesha huitwa RTC. Ilikuwa sehemu ya kawaida ya kompyuta za PC kuanzia mwaka 1984, IBM ilipotoa PC/AT ikiwa na chipu ya Motorola iitwayo MC146818. Ndani yake mna fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ina sababu: ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja, na saketi ya kugawa kwa mbili ni rahisi kutengeneza na hutumia umeme kidogo sana. Ndiyo maana betri ya ukubwa wa sarafu huweza kuilisha kwa miaka.

Lakini RTC ina kasoro mbili. Kwanza, inataja sekunde nzima tu. Kilichomo ndani ya sekunde haikijui. Pili, kuisoma ni kazi ya polepole, kwa sababu prosesa hulazimika kupitia milango ya zamani ya madabodi, na ikiikuta saa iko katikati ya kubadilisha sekunde, lazima ingoje. Hifadhidata, kivinjari au mchezo wa video huuliza saa maelfu ya mara kila sekunde. Kwa RTC peke yake, kazi ingekwama.

Kwa hiyo mfumo endeshi husoma RTC mashine inapowaka, na tena inapoamka usingizini, kisha huiacha. Kuanzia hapo hushika kihesabio chenye kasi kisichojua tarehe wala mwaka, ambacho kazi yake ni kuongeza moja juu ya moja. Kiini cha Linux, kwa mfano, huhifadhi vitu viwili: wakati kilioujua mara ya mwisho, na namba iliyokuwa kwenye kihesabio wakati huo. Programu ikiuliza saa, kihesabio husomwa, namba ya zamani hutolewa kwenye mpya, tofauti huzidishwa kwa kigezo kinachogeuza midundo kuwa nanosekunde, na jibu hujumlishwa na ule wakati wa kumbukumbu. Kwa kuwa kugawanya ni kazi ghali kwa prosesa, Linux huzidisha kisha husogeza tarakimu upande wa kulia, na kupata jibu lile lile kwa muda mfupi zaidi.

Kile kigezo cha kuzidisha kina kazi nyingine muhimu kwa mnunuzi. Saa ikigundulika inabaki nyuma, mfumo haulazimiki kuirusha mbele kwa ghafla na kuzichanganya programu. Huongeza kigezo kidogo, hesabu ikaenda kasi kidogo, mpaka ikafikia. Mwendo huo una kikomo: kwa kawaida ni sehemu 500 kwa milioni, hivyo kosa la sekunde moja hurekebishwa polepole kwa muda wa dakika 33 hivi. Kumbe basi fuwele ya bei rahisi, ikiwa na mtu wa kuisahihisha, inaweza kufanya kazi ya fuwele ghali.

Vihesabio vinne, gharama nne

Vihesabio hivi huvilipii chochote cha ziada; vimo ndani ya PC tayari. Ila mfumo endeshi huchagua kimoja, na chaguo baya hugharimu kasi ya mashine nzima.

Cha zamani kuliko vyote ni PIT, kilichokuwamo kwenye IBM PC ya mwaka 1981. Hupiga midundo 1,193,182 kwa sekunde. Namba hiyo ya ajabu imetokana na televisheni za rangi za Marekani: fuwele za megahezi 14.31818 zilikuwa nyingi na za bei nafuu, wahandisi wakachukua mojawapo na kuigawa kwa 12. Leo PIT hutumika zaidi kupimia vihesabio vingine wakati wa kuwaka.

Kinachofuata ni kihesabio cha ACPI, chenye midundo 3,579,545 kwa sekunde. Kwa kawaida kina biti 24 tu, hivyo hujaa na kuanza upya kila baada ya sekunde 4.7 hivi. Mfumo ukichelewa kukisoma kupita hapo, unapoteza mzunguko mzima bila kujua.

HPET kilikuja kurithi nafasi ya PIT, kikiwa na midundo isiyopungua milioni 10 kwa sekunde. Ni cha kutegemewa, lakini kinakaa nje ya viini vya prosesa, na safari ya kwenda kukisoma hula nusu mikrosekunde au zaidi.

TSC kimo ndani ya prosesa, tangu Pentium ya mwaka 1993. Kukisoma kwa njia ya mkato ya Linux, bila hata kuingia ndani ya kiini cha mfumo, huchukua nanosekunde 20 hadi 30 tu. Zamani kilikuwa na sifa mbaya: prosesa ikipunguza kasi ili kuokoa umeme, nacho kilipunguza mwendo, na viini viwili vya prosesa moja vingeweza kutofautiana. Tangu kizazi cha Intel kiitwacho Nehalem, cha mwaka 2008, kimekuwa na mwendo mmoja usiobadilika, na ndicho chaguo la kwanza la Linux kwenye PC za leo.

Piga hesabu ya tofauti hiyo. Programu ikiuliza saa mara milioni moja kwa sekunde, TSC kwa nanosekunde 25 kitakula asilimia 2.5 ya muda wa kiini kimoja. HPET kikichukua nusu mikrosekunde kitakula asilimia 50. Kikichukua mikrosekunde nzima, kiini hicho hakitabaki na muda wa kufanya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo kabla ya kununua seva kubwa zaidi, au kupandisha daraja la kompyuta pepe unayokodi, tazama kwanza mashine uliyonayo inatumia kihesabio gani. Kwenye Linux jibu liko katika faili moja:

/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Ukikuta tsc, au kvm-clock kwenye kompyuta pepe, uko salama. Ukikuta hpet au acpi_pm kwenye mashine ya miaka ya karibuni, kuna jambo. Mara nyingi Linux imelinganisha TSC na kihesabio kingine, ikaona haviendi pamoja, ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba TSC haiaminiki. Tiba ya kwanza ni kusasisha BIOS, na hiyo haina bei. Kwenye kompyuta pepe za zamani zinazoendeshwa kwa Xen unaweza kukuta chaguo la xen, ambalo ni zito kuliko tsc. Kuhamia mashine ya kizazi kipya kwa kodi ile ile huweza kuleta nafuu kuliko kuongeza idadi ya prosesa.

Wenye mashine za ARM hawana uchaguzi huo, wala hawauhitaji. Usanifu wenyewe umeweka kihesabio kimoja cha kawaida: Raspberry Pi 4 hupiga midundo milioni 54 kwa sekunde, na kompyuta za Apple za M1 hupiga milioni 24.

Midundo inayokula betri

Gharama nyingine hujitokeza kwenye kompyuta mpakato. Mbali na kuhesabu, mfumo endeshi huomba uamshwe kila baada ya muda fulani ili upange kazi. Windows kwa kawaida huamshwa mara 64 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15.6. Linux hujengwa kwa mara 100, 250 au 1,000. Kila mwamsho huitoa prosesa usingizini, na prosesa isiyolala hunyonya betri.

Linux ilianza kuruka midundo ya bure mashine ikiwa haina kazi mwaka 2007, katika toleo la 2.6.21. Iliwezekana kwa sababu saa haikutegemea tena kuhesabu miamsho. Ilikuwa tayari inasomwa kwenye kihesabio. Upande wa Windows, programu moja ikiomba midundo ya kila milisekunde moja, mashine nzima ililazimika kuifuata, hadi Windows 10 toleo la 2004 lililotoka mwaka 2020 lilipobadilisha utaratibu huo. Kama mpakato wako unaishiwa chaji upesi, endesha amri ya powercfg /energy ukiwa msimamizi wa mashine. Ripoti yake hutaja programu iliyoomba midundo ya haraka. Kuifunga ni bure. Betri mpya si bure.

Saa hupotea kiasi gani

Fuwele za bei ya kawaida huuzwa kwa ahadi ya kutopotoka zaidi ya sehemu 20 kwa milioni. Hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku, sekunde 52 kwa mwezi, na zaidi ya dakika 10 kwa mwaka.

Halafu kuna joto. Fuwele ya RTC hukatwa ili iwe sahihi karibu na nyuzi 25 za Selsiasi. Ukiondoka hapo, kwa joto au kwa baridi, daima hubaki nyuma, na upotevu hukua kwa mraba wa tofauti ya nyuzi. Nyuzi 35 huongeza takriban theluthi ya sekunde kwa siku. Nyuzi 45 huongeza sekunde 1.2. Nyuzi 55 huongeza sekunde 2.6. Kasha la kamera za ulinzi lililofungwa chini ya paa la bati, Mombasa au Dar es Salaam, hufika huko bila shida. Anayepanga kuweka mashine mahali kama hapo aanze kwa kuipa hewa kabla ya kuipa saa mpya.

Upande wa pili wa mizani ni kosa ambalo kazi yako inalivumilia. Vyeti vya usalama vya tovuti huvumilia siku kadhaa. Ndiyo maana kivinjari hugoma tarehe inapokosea sana, kama vile kurudi nyuma miaka. Mtandao wa ofisi unaotumia Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji) kwa mpangilio wa kawaida wa Windows huvumilia dakika 5. Zile namba za siri zinazobadilika kwenye simu hudumu sekunde 30. CockroachDB, hifadhidata inayosambaa kwenye seva nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida hukubali tofauti ya nusu sekunde. Kampuni za Ulaya zinazouza na kununua hisa kwa kasi ya mashine zimebanwa na sheria tangu Januari 2018 zisipitilize mikrosekunde 100.

Sasa gawanya kosa linalovumilika kwa upotevu wa siku moja. Utapata siku ambazo mashine inaweza kukaa bila kusahihishwa. Kwa fuwele ya kawaida, dakika 5 za Kerberos ni siku 173. Sekunde 30 za namba za siri ni siku 17. Nusu sekunde ni saa saba hivi. Na mikrosekunde 100? Sekunde tano. Mashine ni ile ile, fuwele ni ile ile. Kinachotofautisha mnunuzi mmoja na mwingine ni kazi yake.

Machaguo yenye bei

*Betri ya CR2032.* Bei yake ya nje ni chini ya dola moja au karibu na hapo, na fundi yeyote wa kompyuta anayo. Mashine ya mezani ikiwa kwenye umeme, hata ikizimwa, RTC hulishwa na umeme wa akiba na betri hupumzika. Soketi zetu zina swichi ukutani, na wengi huzima hapo kila jioni. Basi usiku kucha saa hulishwa na betri. Dalili ya kuisha kwake ni tarehe kurudi nyuma miaka kila baada ya kuwasha, na kivinjari kulalamika kwamba tovuti si salama. Watu wamelipa fedha ya kufuta na kusimika Windows upya kwa tatizo ambalo lingetibiwa na betri hii. Baadhi ya kompyuta mpakato hazina betri ya pekee ya saa, hivyo uliza kabla ya kufungua.

*Intaneti.* Itifaki ya NTP ilitungwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware na kutangazwa rasmi mwaka 1985. Kompyuta hutuma pakiti kwa seva, hupima muda wa kwenda na kurudi, na kukisia kwamba nusu ya muda huo ni ya kwenda. Kwa njia hiyo hupata usahihi wa makumi ya milisekunde kupitia intaneti, na chini ya milisekunde moja ndani ya mtandao wa jengo. Mkusanyiko wa seva za hiari wa pool.ntp.org upo tangu 2003 na hautozi kitu. Una hata kundi la Afrika, africa.pool.ntp.org.

Anayenunua bando atauliza linaliwa kiasi gani. Pakiti moja ya kawaida ina baiti 76. Ukiuliza seva nne kila baada ya sekunde 1,024, kwenda na kurudi, kwa siku nzima hufiki hata kilobaiti 60. Picha moja ya WhatsApp huweza kuzidi hapo.

Programu nazo hazilingani. Systemd-timesyncd, inayokuja na Linux nyingi, ni nyepesi na inamtosha mtumiaji wa nyumbani. Chrony inafaa zaidi penye intaneti ya kukatikakatika, kwa sababu hujifunza fuwele yako inapotoka kwa kasi gani, huandika kwenye faili, na huendelea kurekebisha hesabu hata mtandao ukiwa haupo. Windows ya nyumbani kwa miaka mingi ilikuwa ikiuliza saa mara moja tu kwa wiki. Unaweza kubonyeza kitufe cha kusawazisha sasa kwenye mipangilio, au ukapunguza muda huo.

Je, intaneti ikikatika? Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano yakadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Fuwele ya kawaida ikikaa siku tatu bila kusahihishwa hupoteza sekunde tano hivi. Kwa duka, shule au ofisi, hiyo si sababu ya kununua chochote.

*RTC ya ziada.* Hii ni ya vifaa visivyo na saa inayokesha. Raspberry Pi kuanzia ya kwanza hadi ya 4 hazina RTC: umeme ukikatika na intaneti haipo, mashine huamka ikidhani ni wakati ule ule iliozimwa. Chipu ya DS3231 hutatua hilo. Ina fuwele inayopimwa joto na kurekebishwa, na mtengenezaji huahidi sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, yaani takriban dakika moja kwa mwaka. Bodi zake huuzwa mtandaoni kwa dola mbili hadi tano. Za kampuni zenye jina hupita dola kumi. Soma maandishi ya juu ya chipu: DS3231M ni toleo jingine, lenye ahadi ya sehemu 5 kwa milioni. Raspberry Pi 5, ya mwaka 2023, ina RTC ndani. Unachonunua ni betri yake tu. DS1307 ni rahisi zaidi lakini hutegemea fuwele ya kawaida isiyorekebishwa kwa joto. Kwa tofauti ndogo ya bei iliyopo, iache.

*Kipokezi cha GPS.* Satelaiti za GPS hubeba saa za atomiki, na kipokezi cha dola kumi hadi ishirini chenye pini ya mpigo wa kila sekunde huipa kompyuta usahihi wa mikrosekunde. Neno la kushika ni pini. Kipokezi kinachochomekwa kwenye USB bila mpigo huo hutuma maandishi yanayochelewa kwa viwango visivyotabirika, na huweza kuzidiwa na NTP ya bure. Utahitaji pia antena inayoona anga, kwa hiyo ongeza bei ya waya. Na ujihadhari na mtumba: vipokezi vingi huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, kama ilivyotokea Agosti 1999 na Aprili 2019. Cha zamani kisichosasishwa huweza kukupa sekunde sahihi ya mwaka usio sahihi.

*Seva ya wakati ya kiwandani.* Ndani yake mna fuwele iliyowekwa kwenye tanuri dogo au saa ya rubidi, ili iendelee kushika majira kwa saa au siku nyingi GPS ikipotea. Bei ni maelfu ya dola. Ni ya kampuni za simu, masoko ya hisa na vituo vya umeme.

| Chaguo | Bei ya vifaa | Usahihi | Ya nani |
|---|---|---|---|
| CR2032 mpya | karibu dola 1 | sekunde 1.7 au zaidi kwa siku | kila PC inayosahau tarehe |
| NTP | bure | makumi ya milisekunde, intaneti ikiwepo | karibu kila mtu |
| DS3231 | dola 2 hadi 5 | dakika moja kwa mwaka | Pi na vifaa visivyo na intaneti |
| GPS yenye mpigo | dola 10 hadi 20, na antena | mikrosekunde | maabara, seva ya mtandao wa ndani |
| Seva ya kiwandani | maelfu ya dola | mikrosekunde au chini, hata GPS ikipotea | kampuni za simu, masoko ya hisa |

Mitego ya kuepuka

Ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine moja, usikimbilie kununua betri saa ikikosea kwa saa tatu kamili. Linux huandika RTC kwa UTC, saa ya kimataifa. Windows huisoma kana kwamba ni saa ya mahali ulipo. Kwa Afrika Mashariki tofauti ni saa tatu, Lubumbashi ni mbili, Muscat ni nne. Tiba ni kuiambia mojawapo ifuate mwenzake: kwenye Linux, amri ya timedatectl set-local-rtc 1, kwenye Windows, kuweka RealTimeIsUniversal kwenye rejista ya mfumo. Njia ya pili ni bora, kwani UTC haibadiliki ukisafiri. Kosa la saa nzima nzima ni la mpangilio. La dakika zinazokua polepole ni la fuwele. La miaka ni la betri. Kwa dalili hizo tatu pekee unaweza kumwelekeza fundi bila kulipia uchunguzi.

Baadhi ya bodi za bei rahisi za DS3231 zina saketi ya kuchaji iliyokusudiwa betri ya LIR2032, lakini huuzwa na CR2032 isiyochajika. Ukiilisha bodi hiyo volti 5, betri huweza kuvimba. Tafuta LIR2032, au mwombe fundi aitoe ile saketi ya kuchaji.

Usipange seva mbili tu za NTP. Zikitofautiana, mashine haina namna ya kujua ipi inasema kweli; weka nne. Wala usichanganye seva za Google na nyingine. Google hutandaza sekunde ya nyongeza (ile inayoongezwa kwenye UTC mara chache) kwenye saa 24, na wengine wengi huiweka kwa mpigo mmoja. Ya mwisho kuongezwa ilikuja huku kwetu tarehe 1 Januari 2017, muda mfupi kabla ya saa tisa usiku. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana utaratibu wa sekunde hizo usitishwe ifikapo 2035, lakini hadi wakati huo onyo linabaki.

Uamuzi wetu

Mtumiaji wa nyumbani na mwenye duka: NTP ya bure, na CR2032 mpya tarehe ikianza kurudi nyuma. Msilipe zaidi ya hapo.

Ofisi au shule yenye kompyuta nyingi na intaneti ya kusuasua: chukueni kompyuta moja mliyonayo, wekeni chrony, iulize seva nne za nje, na nyingine zote ziulize hiyo. Intaneti ikikatika zote zitapotoka pamoja, na kwa Kerberos kupatana ndiko kunakotakiwa.

Kifaa kinachokaa shambani, kisiwani au ndani ya gari bila intaneti: DS3231 yenye betri sahihi. Kikiwa na anga wazi na kikihitaji usahihi wa chini ya sekunde, ongeza GPS yenye mpigo.

Mwenye seva inayolemewa: kagua kihesabio kabla ya kukagua bei za seva mpya.

Na yeyote anayeuziwa saa ya maelfu ya dola amwombe muuzaji namba mbili kwa maandishi: kosa ambalo kazi ya mnunuzi inalivumilia, na siku ambazo mashine itakaa bila kusahihishwa. Muuzaji asiyeweza kuzitaja hajui anachouza. Akizitaja, gawanya ya kwanza kwa ya pili, ulinganishe na sekunde 1.7 za fuwele ya kawaida na sekunde 0.17 za DS3231. Jibu likizidi 0.17, rudisha pochi mfukoni.